Ufunguo Uliolala kwa Shefu: uchambuzi wa kisa cha ambu tatu na wazee wawili, Lubumbashi

Kwa miezi kumi na minane nilikuwa mkalimani wa mzee mmoja na mke wake, Wamarekani kutoka Idaho, waliotumwa na kanisa lao kuja Lubumbashi, Kongo, kwa kazi ya misaada. Wote wawili walikuwa wamestaafu. Katika mengi niliyoyaona nao naandika kisa kimoja tu: ambu, kifaa cha kumsaidia mtoto mchanga apumue, kilichokaa kabatini karibu miezi mitano, huku chumba cha kuzalia kikiwa hatua kumi kutoka kwenye kabati hilo. Kituo sitakitaja, wala mtu. Waliohusika bado wako kazini na wanafanya kazi yao vizuri. Naandika kwa ajili ya wenzangu wanaoanza ukalimani na mashirika, na kwa yeyote anayepokea wageni wa aina hii, kwa sababu katika kisa hiki mimi mwenyewe nina sehemu yangu ya kosa.

Wazee wenyewe na siku yao

Mama yangu alipowaona mara ya kwanza aliniuliza kwa sauti ya chini kama watoto wao wamewafukuza. Swali lake lilikuwa la haki. Kwetu mtu akienda retreti, yaani akistaafu, anakaa chini ya mwembe, wajukuu wanamletea maji ya kunawa. Au, kama alikuwa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, kama marehemu baba yangu, anakaa akingoja. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondoka katika mpango wa kuondoka kwa hiari uliogharimiwa na Benki ya Dunia, kila mmoja na kitita chake mkononi, na miaka mingi baadaye wengi walikuwa wangali wanadai kile tunachokiita dekonti finali, malipo ya mwisho ya mtu anayeacha kazi. Katika familia nyingi za mji huu, mstaafu ni mtu anayedai. Wazee wawili waliojilipia nauli, kodi ya nyumba na chakula ili wafanye kazi bila mshahara hawakuingia katika picha hiyo, na watu walichukua muda kuwaelewa.

Mke, ambaye hapa namwita Mama, alikuwa muuguzi wa chumba cha kuzalia kwa miaka zaidi ya thelathini. Mumewe, Papa, alikuwa mtunza bohari wa shule za wilaya yao: madawati, rangi, balbu, sabuni, vyote vilipita mikononi mwake na katika vitabu vyake. Hilo la bohari likumbukwe, litarudi.

Wakunga waliwaita Kambo wote wawili, kama tunavyowaita babu na bibi huku Katanga. Wao walilipokea jina hilo kwa furaha, wakawa wanajitambulisha nalo hata kwa polisi wa barabarani.

Siku yao ilianza saa kumi na moja alfajiri, kabla ya jua, kwa sababu maji ya REGIDESO, shirika la maji, katika kartie (mtaa) yao yalipenda kuja saa hizo kisha yakakatika. Papa alifungua bomba, akajaza bidoni (madumu) moja baada ya nyingine, akaweka maji ya kunywa kwenye chujio. Umeme nao ulikuwa na saa zake. SNEL, shirika la umeme, wakirudisha moto saa nane usiku, Mama aliamka kupiga pasi. Alikuwa ameambiwa, na ni kweli, kwamba nguo iliyokauka nje inaweza kuwa na mayai ya nzi wa funza, na kwamba pasi yenye moto ndiyo dawa. Basi alipiga pasi kila kitu: shuka, soksi, hata vitambaa vya jikoni. Nilimkuta asubuhi moja ya Juni, na baridi ya Juni ya Lubumbashi mnaijua, amejifunika kitenge mabegani, macho mekundu, ameridhika kabisa, rundo la nguo zilizonyooka liko mbele yake. Alisema amepata masaa mawili ya umeme mfululizo.

Saa mbili tuliondoka. Jumatatu ilikuwa ya karatasi na ofisi. Jumatano na Alhamisi tulizunguka kwenye visima na shule upande wa Ruashi na komini ya Annexe. Chakula cha mchana kilikuwa mkate, karanga za kusaga na parachichi, ndani ya gari. Kabla ya giza walikuwa wamefika nyumbani. Jumapili jioni walizungumza na wajukuu kwa simu, mmoja baada ya mwingine, wote kumi na mmoja.

Jumanne ilikuwa ya kituo chetu.

Ambu

Mwezi wa pili tangu wafike, Mama alifundisha wakunga sita wa kituo hicho mafunzo yanayojulikana duniani kwa jina la Helping Babies Breathe, yaliyoanzishwa mwaka 2010 na chama cha madaktari wa watoto wa Marekani pamoja na washirika wake. Jambo lenyewe ni rahisi kulieleza. Watoto wengi huzaliwa wakalia wenyewe. Karibu mmoja kati ya kumi anahitaji msaada ili aanze kupumua, na wengi wa hao wanatosheka na kukaushwa vizuri, kupewa joto na kusuguliwa mgongo. Wachache wanaobaki wanahitaji kupuliziwa hewa kwa ambu: mfuko wa mpira unaobanwa kwa mkono, wenye barakoa ndogo inayofunika mdomo na pua. Kazi hiyo inatakiwa ianze kabla dakika ya kwanza ya maisha haijaisha. Wanaofundisha wanaiita dakika ya dhahabu.

Siku ya mafunzo mwanasesere alijazwa maji ya vuguvugu ili awe na uzito wa mtoto, na wakunga wakambeba kwa namna ileile wanavyobeba watoto, mkono chini ya shingo, bila kuambiwa. Kichwa kinyooshwe kidogo, kama cha mtu anayenusa. Barakoa ishike kidevu, isiguse macho. Ubane mara arobaini kwa dakika, ukiangalia kama kifua kinapanda. Kuhesabu kwa Kifaransa kuliwachanganya mikono. Mkunga mkubwa kwa umri akaanza kuhesabu kwa namna yake: "Pumua, mbili, tatu. Pumua, mbili, tatu." Wote wakamfuata. Mama hakujua neno hilo maana yake nini, lakini alisikia mdundo uko sawa, akawa anaugonga mezani kwa kidole.

Jioni ile kituo kilikabidhiwa ambu moja na barakoa mbili, ya ukubwa wa moja na ya sifuri kwa watoto njiti. Muuguzi mkuu alisaini proseverbali, yaani hati ya makabidhiano, akapiga muhuri, tukapiga picha.

Jumanne zilizofuata tulirudi. Mashirika niliyofanya nayo kazi kabla yalifundisha, yakasainisha, yakaondoka. Mama alirudi na kukaa. Alikaa kwenye benchi la mbao karibu na mlango wa chumba cha kuzalia, masaa mawili au matatu, akisaidia kukunja vitambaa, au hafanyi kitu. Nakiri nililiona jambo hilo kuwa kupoteza wakati.

Katikati ya Julai alimuuliza mkunga wa zamu kama ameshatumia ambu. Mkunga akajibu, nayaandika maneno yake yalivyokuwa: "Iko, mama. Iko mu kabati, lufungulo iko na shefu."

Mimi nikatafsiri: Ipo, mama, imehifadhiwa vizuri.

Nusu ya jibu, ile ya ufunguo kuwa kwa shefu, niliiacha mezani. Sikupanga kudanganya. Shefu, yaani muuguzi mkuu, ni mtu wa umri wa baba yangu, alikuwa amesimama barazani akitusikia, na nililelewa kwamba aibu ya nyumba haimwagwi mbele ya mgeni. Ilionekana kwangu ni adabu. Mama akatikisa kichwa, akafurahi, akaandika katika kijitabu chake kwamba kifaa kipo salama. Agosti aliuliza tena, nikafanya vilevile. Septemba, kwa kuwa hakuna mkunga aliyesema amekitumia, akadhani kifaa kimoja hakitoshi. Akaomba viwili vingine. Vilikuja, vikasainiwa, vikaingia kabati lilelile. Sasa zilikuwa ambu tatu nyuma ya kufuli moja.

Kilio

Oktoba, mijakaranda ikiwa imechanua na barabara za mjini zimejaa maua ya zambarau, dada yake Mama alifariki huko Idaho. Hakurudi kwao. Alisema maziko ni baada ya siku tatu na safari ni karibu siku mbili, na dada yake alikuwa amemwambia kabla kwamba asirudi.

Niliwaambia wakunga, kwa kueleza tu kwa nini Jumanne ile hatutakuja. Alasiri wanne kati yao walifika nyumbani kwa wazee kwa taksi, na kilo za unga, mafuta, na fungu kubwa la matembele. Kwetu mtu akifiwa hapiki. Papa alifungua mlango akiwa na kitabu cha hesabu mkononi, hakuelewa hawa wamekuja kufanya nini. Nikamwambia: wamekuja kukaa. Walitandika mkeka jikoni, wakaketi, wakaanza kuchambua matembele, jani moja moja, wakimenya ile ngozi nyembamba ya kikonyo kwa ukucha. Mama alikaa nao chini. Alijifunza kumenya baada ya majani matano au sita. Kwa muda mrefu hakuna aliyesema kitu.

Kisha wakaongea juu ya wafu wao, kama inavyokuwa kwenye kilio. Mmoja alimtaja mama yake, mwingine mtoto wake wa pili. Mkunga mkubwa, yule aliyeanzisha hesabu ya pumua-mbili-tatu, akasema bila kuinua macho kwamba na yeye ana mtoto wa wiki tatu zilizopita ambaye hamwachi alale. Si wake wa kuzaa. Alizaliwa saa tisa usiku, mkubwa, mzuri, hakulia. Alimkausha, akamsugua mgongo, akasafisha mdomo. Mlinzi alikimbia nyumbani kwa shefu, njia mbili kutoka kituoni. "Lufungulo ilikuwa imelala kwa shefu," akasema. Aliporudi nayo mtoto alikuwa ameshakwenda. "Mikono yangu ilikuwa inajua, kambo. Ilikuwa inajua."

Safari hii nilitafsiri yote. Na nilipomaliza nikamwambia Mama kwa Kiingereza kile nilichokiacha Julai na Agosti.

Hakunijibu wakati ule. Alichukua kikonyo kingine, akamenya. Papa, aliyekuwa mlangoni, ndiye aliyeuliza: "Ile karatasi tuliyompa asaini, ilisema nini?"

Kwa nini kabati lilifungwa

Nimesikia watu wa misaada wakieleza visa kama hiki kwa maneno mawili: uzembe, au wivu wa cheo. Katika kisa hiki maelezo hayo yote mawili si kweli.

Tuliisoma proseverbali usiku uleule, mezani, kwa tochi. Ilikuwa ya Kifaransa, nusu ukurasa. Ilisema anayepokea anajibu kwa uhifadhi wa vifaa na atavionyesha wakati wowote atakapotakiwa. Hakuna mahali iliposema vitumike. Haikutaja kifaa kinachochakaa, barakoa inayopasuka, mfuko unaopotea usiku wa watu wengi. Mtu mmoja alikuwa amesaini kwamba kifaa kisichotengenezwa huku kitakuwepo siku zote, kizima. Alifanya alichosaini, neno kwa neno. Na karatasi ile ilitoka upande wetu.

Papa aliisoma mara mbili kupitia kwangu. Kisha akasema kwamba yeye, katika bohari yake, angefunga pia. Alisimulia jinsi alivyowahi kunyima mwalimu projekta kwa juma zima kwa sababu fomu haikuwa na saini ya pili. Alisema hayo kwa uzito wa mtu anayejitambua katika mwingine, na kuanzia hapo sikumsikia akimlaumu muuguzi mkuu hata mara moja.

Muuguzi mkuu naye, tulipokwenda kumwona nyumbani kwake, tukiwa na sukari na sabuni kama inavyotakiwa, alikuwa na historia yake. Katika kituo alichofanyia kazi zamani, kipimo cha presha kilipotea, naye ndiye aliyekuwa amesaini. Alikatwa malipo miezi minne. Kituo kinaishi kwa kile wagonjwa wanacholipa, na mshahara wa serikali ukija unakuja umechelewa na ni mdogo, kwa hiyo kukatwa miezi minne ni watoto kukaa nyumbani bila kwenda shule. "Mama," alimwambia Kambo, "kintu ikipotea, ni miye njo nitalipa. Mtoto akifa, wanasema ni Mungu." Aliyatamka polepole, na mkewe aliyekuwa anamimina chai aliacha kumimina.

Sentensi ile ya mwisho ndiyo kiini cha kisa chote. Deni la kifaa lilikuwa na jina, saini na muhuri. Kifo cha mtoto hakikuandikwa kwa jina la mtu yeyote. Mtu wa kawaida, mwenye familia, akiwekwa kati ya hivyo viwili, atashika ufunguo.

Juu ya hayo kuna adabu yangu. Kama ningetafsiri nusu ya pili ya jibu la Julai, Mama angeuliza ni kwa nini ufunguo uko kwa shefu, na mazungumzo tuliyofanya Oktoba yangefanyika miezi mitatu kabla. Sisemi mtoto yule angepona. Watoto wengine hawaponi hata ambu ikiwa mezani. Lakini mkunga angejaribu, na mikono yake inajua. Wenzangu mnaoanza: mgeni hawezi kujua sentensi iliishia wapi. Wazee hawa hawakuwahi kujua Kiswahili zaidi ya salamu na majina ya vyakula, na hilo nawahesabia kuwa upungufu mkubwa, kwa sababu kila walichokijua kilipita kwenye mdomo wangu.

Msumari na daftari

Papa kwanza alitaka kutengeneza sanduku lenye kioo, la kuvunja wakati wa dharura. Wakunga walikataa papo hapo: vipande vya kioo usiku, bila umeme, karibu na mtoto? Hapana. Wao wenyewe wakapendekeza msumari. Ambu ioshwe, iwekwe katika mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, ining'inie ukutani juu ya meza ya kuzalia, mahali mkono unafika bila kutazama. Na liwepo daftari la zamu: anayetoka na anayeingia wanahesabu pamoja, ambu iko, barakoa mbili ziko, imechemshwa, wote wawili wanasaini. Deni lililokuwa la mtu mmoja linagawanywa kwa wanane.

Muuguzi mkuu hakuupenda msumari. Alitaka kwanza karatasi. Alikuwa na haki, na Papa alikuwa upande wake. Papa aliandika kwa ofisi inayowasimamia kuomba proseverbali mpya yenye sentensi moja zaidi: kifaa kikiharibika au kupotea katika kumhudumia mtoto, aliyekipokea hadaiwi kitu. Aliandika mara tatu. Jibu lilichukua wiki tano. Kwa wiki hizo tano ufunguo ulitoka kwa shefu ukawa unavaliwa na mkunga wa zamu shingoni, kwa uzi, na usiku wa kwanza muuguzi mkuu alikuja mwenyewe saa nne kuhakikisha upo.

Karatasi ilifika mwishoni mwa Novemba. Msumari Papa aliupigilia yeye, akaupima kwanza kwa urefu wa mkunga aliye mfupi kuliko wote. Ambu mbili zilizobaki zilikaa kabatini kama akiba.

Daftari ninalolikumbuka ni lile la kwanza, la kurasa 96, jalada la bluu. Ukurasa wa nne, mwandiko wa haraka: "Saa 8:20 usiku. Mvulana. Hakuna courant (umeme). Ambu dakika 3. Amelia. Ambu imechemshwa." Mvua ya Desemba ilikuwa inapiga mabati usiku ule, mlinzi ameshika tochi ya simu. Mama alisoma mstari huo Jumanne, kidole chake kikapita juu ya kila neno, akaniomba nimweleze "amelia" mara mbili. Machi kuna mstari mwingine, mrefu zaidi, wa msichana aliyepuliziwa dakika ishirini na hakuamka. Nao umesainiwa na wawili. Kabla ya daftari vifo vya namna hiyo havikuandikwa hivyo, na muuguzi mkuu sasa anavipeleka kwenye mkutano wa zoni ya afya pamoja na saa na hatua zilizochukuliwa.

Wazee waliondoka Novemba iliyofuata. Januari niliwapigia simu. Kwao ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, theluji nje. Kwetu saa tisa alasiri, mvua imetoka kukatika. Nilimwambia Mama kwamba barakoa moja imepasuka ukingoni, mkunga ameandika hivyo kwa kalamu nyekundu, na muuguzi mkuu amebeba daftari lenyewe hadi zoni kuomba nyingine. Akauliza ni ya ukubwa gani. Sifuri, nikamjibu, ile ya njiti, na kwa sasa wanatumia ya ambu ya akiba. Akauliza nani yuko zamu usiku wa leo. Nikamtajia jina. Akalirudia polepole, akakosea, akalirudia tena mpaka likatoka sawa.